Kufundisha misingi ya kuchora Kidato cha Kwanza na cha Pili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu waliopangiwa kipindi cha sanaa, wengine bila kuisomea, na wazazi wenye watoto wanaoanza sekondari. Majibu yameandikwa na mwalimu wa sanaa za ufundi Tanzania. Mwalimu wa Kenya anayefundisha sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, anaweza kuyatumia vilevile, kwa sababu umri ni uleule na shida za mkono na jicho ni zilezile.

Je, kuchora kunafundishika, au mtu huzaliwa nako?

Kunafundishika. Mtoto yeyote anayeandika jina lake likasomeka ana mkono wa kutosha kuchora. Kinachompunguzia ni kuangalia. Mwambie mtoto wa miaka 13 achore jicho la mwenzake aliyekaa mbele yake: atatupa jicho mara moja kwa huyo mwenzake, kisha atainama na kuchora jicho alilojifunza kuchora tangu chekechea, umbo la jani lenye nukta nyeusi katikati. Hajachora jicho la mtu. Amechora alama ya jicho.

Vipaji vipo, na utawaona watoto wawili watatu wanaowatangulia wenzao. Lakini wape wote mazoezi yaleyale. Mwenye kipaji naye ana alama zake za mazoea, tena mara nyingi ni ngumu zaidi kumwachisha, kwa kuwa amekuwa akisifiwa kwa ajili ya alama hizo.

Umri huu una jambo la pekee. Mtoto wa darasa la tatu anachora bila woga. Wa Kidato cha Kwanza anafunika karatasi kwa kiwiko mwalimu akipita. Ameshaanza kuona kwamba mchoro wake haufanani na kitu chenyewe, ila hajui kasoro iko wapi, basi anaamua kwamba yeye hajui kuchora. Asipofundishwa sasa, wengi hawatajaribu tena maishani.

Nianze na nini wiki ya kwanza?

Anza na kiti. Kipandishe juu ya meza katikati ya darasa, kigeuze kidogo kisitazamane na yeyote uso kwa uso, kisha waambie wasichore kiti. Wachore nafasi tupu: ile pembetatu iliyo kati ya mguu na ubao unaounganisha miguu, ule mstatili uliopinda ulio kati ya kikalio na mgongo wa kiti. Nafasi tupu haina jina wala alama waliyoizoea, kwa hiyo wanalazimika kuiangalia. Wakimaliza nafasi zote, kiti kinakuwa kimejitokeza chenyewe karatasini, na mara nyingi ni sahihi kuliko kiti chochote walichowahi kuchora.

Zoezi la pili ni kuchora mkono wao wa kushoto bila kutazama karatasi (anayetumia kushoto achore wa kulia). Jicho linatambaa polepole kwenye ukingo wa kidole, na penseli inatambaa kwa mwendo uleule. Michoro itatoka imepinda, vidole vimeachana na kiganja. Watacheka, waache wacheke. Kisha waonyeshe sehemu moja, labda mikunjo ya fundo la kidole gumba, ambako mstari umekuwa hai kwa sababu jicho lilikuwa palepale.

Nadharia ya mstari, umbo, rangi na mpangilio ije baadaye, kila kipengele siku kinapohitajika. Kuwaandikisha ubaoni orodha ya vipengele vya sanaa siku ya kwanza kunawafanya waamini kwamba somo hili ni la kukariri.

Kila nikiwapa sufuria wachore, inatoka imekaa vibaya. Kosa ni nini?

Karibu kila mara kosa ni lilelile: mdomo wa sufuria ni duara kamili kama unavyoonekana ukiwa juu yake, na kitako ni mstari ulionyooka kama unavyoonekana ukiwa usawa wa meza. Mtoto anajua kwamba mdomo ni wa duara, na anajua kwamba sufuria inakaa pasipo kuyumba, basi anachora yote mawili anayoyajua. Macho yake hayajaulizwa.

Chukua sufuria, inyanyue mpaka mdomo uwe usawa wa macho yao. Watauona mstari tu. Ishushe taratibu: mstari unafunguka kuwa duaradufu (duara lililobanwa) nyembamba, kisha nene, mpaka sufuria ikifika sakafuni mdomo unakaribia kuwa duara. Rudia, safari hii wakifuatisha kwa kidole hewani. Sasa waulize: kitako kiko chini zaidi ya mdomo, je, upinde wake utakuwa mdogo au mkubwa kuliko wa mdomo? Darasa litanyamaza kidogo, halafu mtu mmoja atasema mkubwa. Yuko sahihi. Kitako kinapinda zaidi kwa sababu kiko mbali zaidi na usawa wa macho.

Baada ya hapo wape ndoo, kikombe, mtungi, kinu na ngoma. Vyote ni sufuria ileile. Kumbusha pia kwamba ncha za duaradufu hazichongoki. Hata pale inapobana ni mviringo. Usilikimbie zoezi hili. Mimi hulitengea wiki tatu nzima, na sioni kwamba zimepotea, maana mwanafunzi aliyeielewa duaradufu ameelewa jinsi kitu kinavyobadilika kulingana na mahali pa anayekitazama.

Na uso wa mtu je?

Wape penseli wapimane. Kutoka utosini hadi kwenye macho, kisha kutoka kwenye macho hadi kidevuni: umbali unakaribia kulingana. Wengi hawaamini mpaka wapime, kwa kuwa wamezoea kuyaweka macho juu, karibu na paji. Kwa mwili mzima, urefu wa mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu. Wao wenyewe watapungua kidogo. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu. Sura ya mtu fulani inapatikana pale inapotofautiana navyo.

Niwaruhusu kutumia raba?

Kwa mwezi wa kwanza, hapana. Anayefuta mstari kabla hajauchora ulio sahihi hurudia kosa palepale. Mwache mstari wa kwanza ubaki hafifu, achore wa pili juu yake akilinganisha. Siku moja moja wape kalamu ya wino.

Shule haina vifaa. Nifanyeje?

Penseli ya HB waliyo nayo inatosha kuanzia. Ukiweza kupata chache za 2B na 4B (laini na nyeusi zaidi), ziwe za kupokezana siku za kivuli. Karatasi za manila zikatwe vipande vinne. Upande wa ndani wa boksi la kahawia ni mzuri sana kwa makaa na chaki nyeupe, kwa kuwa rangi yake inakaa katikati: makaa yanaleta giza na chaki inaleta mwanga.

Makaa ya kuchorea tengeneza mwenyewe. Tafuta vijiti vikavu vilivyonyooka, unene wa penseli, uvimenye gome. Vipange visimame vikibanana ndani ya kopo la bati lenye mfuniko wa bati, na toboa tundu moja dogo kwenye mfuniko kwa msumari, la sivyo mvuke utaurusha mfuniko. Liweke kopo katikati ya moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, vijiti vimeiva. Epua, na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, maana hewa ikiingia vikiwa bado vya moto vitawaka na kuwa majivu. Kazi hii aifanye mtu mzima, wanafunzi wakiangalia kwa mbali.

Rangi nazo zinapatikana. Udongo mwekundu uliotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa, mkaa uliosagwa, chokaa, bizari ya manjano (hiyo hufifia juani, waambie mapema). Kishikizo, yaani kinachoigandisha rangi karatasini, kiwe utomvu wa mgunga ulioyeyushwa kwa maji, au gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa maji. Hapa ndipo pa kuwaeleza habari za Kolo, wilayani Kondoa, ambako kuna michoro ya kale ya miambani ya watu na wanyama, mingi kwa rangi nyekundu ya udongo. UNESCO iliyaingiza maeneo hayo katika urithi wa dunia mwaka 2006. Mtoto aliyesaga udongo wake mwenyewe anazisikiliza habari hizo kama za fundi mwenzake.

Kivuli nakifundishaje?

Funga madirisha ya upande mmoja. Mwanga ukitoka pande zote hakuna kivuli cha kujifunza. Weka chungwa juu ya karatasi nyeupe. Kwanza wachore ngazi ya visanduku vitano, kutoka weupe wa karatasi hadi weusi wote ambao penseli inaweza kutoa. Wengi wataishia kwenye kijivu cha katikati kwa kuogopa kukandamiza, kwa hiyo sisitiza cha tano kiwe cheusi kweli.

Kisha wapunguze macho, wayafumbe nusu, watazame chungwa. Maelezo madogo yanapotea na yanabaki maeneo ya giza na mwanga. Waonyeshe kitu ambacho hawatakiona wenyewe: ukingoni kabisa mwa upande wa giza kuna ukanda mwembamba wenye nuru kidogo, unaotoka kwenye karatasi nyeupe chini yake. Ndio unaoligeuza duara kuwa tufe. Na kivuli kilichoangukia karatasini kinakolea zaidi pale chungwa linapogusa karatasi, kisha kinafifia kadiri kinavyokwenda mbali.

Kusugua kwa kidole kusubiri. Kunatoa utelezi mzuri wa haraka na kuficha kwamba mwanafunzi hajaamua giza liko wapi.

Rangi zao zote zinageuka matope. Kwa nini?

Kwa sababu tatu: maji machafu, rangi nyingi mno kwa mara moja, na kukimbilia nyeusi kila wanapotaka giza. Waondolee chupa zote, wabakishie nyekundu, njano, bluu na nyeupe. Kutoka hapo watafute kijani, chungwa, zambarau na kahawia. Wakilalamika kwamba zambarau yao ni ya kahawia, hawajakosea kuchanganya: nyekundu nyingi za bei nafuu zina unjano ndani yake, na njano ikikutana na bluu na nyekundu inazaa kahawia. Nyekundu inayoelekea waridi itawapa zambarau safi zaidi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la ngozi. Kila mtu achanganye rangi ya mkono wake mwenyewe, kwa nyekundu, njano na bluu kidogo sana, akilinganisha tone la rangi na mkono uliowekwa kando ya karatasi, karibu na dirisha. Ndani ya darasa moja utaona kahawia zisizohesabika: zenye wekundu, zenye unjano, zenye kukaribia bluu. Halafu waangalie upande wa mkono ulio kivulini, waone kwamba haukutiwa nyeusi. Una bluu au zambarau ndani yake. Na pale ngozi nyeusi inapong'aa, mng'ao una rangi ya anga. Watoto wetu wengi wamekua wakitafuta ndani ya boksi la rangi penseli moja inayoitwa ya ngozi, na haikuwa ya ngozi yao. Sitaki mtoto yeyote amalize Kidato cha Kwanza bila kujua kuitengeneza yake.

Umbali unaeleweka vipi bila mahesabu?

Watoe nje kwenye veranda ndefu ya madarasa. Wasimame mwanzoni, wanyooshe rula mbele ya macho, wafuatishe ukingo wa paa: unashuka. Ukingo wa sakafu: unapanda. Yote miwili inakwenda kukutana usawa wa macho yao. Kisha wachuchumae, waone ule usawa unashuka pamoja nao. Walio pwani wafanye vivyo hivyo ufukweni, kwa mstari ambao bahari inakutana na mbingu. Kioo cha dirisha nacho kinasaidia: funga jicho moja, tuliza kichwa, fuatisha kwa kalamu ya kufutika unachokiona upande wa pili. Sheria za kuchora umbali zitaandikwa daftarini baada ya hapo, si kabla.

Je, kunakili picha ni vibaya?

Inategemea wananakili nini, na lini. Kunakili katuni za simu au ua la kitabuni kwa miezi mitatu mfululizo kunamfanya mtoto awe hodari wa kuhamisha maamuzi ya mtu mwingine. Aliyeichora ile picha alishaamua mstari uanzie wapi na kivuli kikae wapi. Mwanafunzi hakuamua chochote.

Lakini uanagenzi wa kunakili una heshima yake kwetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vibao vya hadibodi, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo wake ukaendelea kwa sababu vijana, wengi wao ndugu zake, walikaa naye wakaangalia mkono wake na kufuata. Walijifunza kazi kwa mwenye kazi: jinsi ya kuandaa kibao, kusubiri tabaka likauke, kuvuta mstari mmoja kwa brashi iliyojaa. Kunakili kwa namna hiyo nakubali, muhula wa pili au wa tatu, mwanafunzi akiwa na swali mahususi la kujibu kutoka kwenye kazi anayoinakili.

Waonyeshe pia Elimo Njau wa Marangu, aliyechora ukutani mwa kanisa kuu la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu katika mandhari na watu wa hapohapo. Alikuwa anazijua picha za Ulaya. Alichagua kutazama alichokuwa nacho mbele yake.

Mwanafunzi anasema dini yao nyumbani hairuhusu kuchora viumbe. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, na usimpe nafasi ya nyuma ya darasa. Ana urithi mkubwa wa sanaa ambao hauhitaji umbo la mtu: milango ya kuchongwa ya Zanzibar na Lamu, zidaka za plasta (vishubaka vya ukutani) katika nyumba za kale za Lamu, mishono ya kofia za viua, mikeka ya ukili, na khati, yaani sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu. Misingi yote ya somo imo humo.

Mpe bikari. Achore duara, kisha bila kubadili upana wa bikari aanzie popote ukingoni na kukata alama kuzunguka. Zitatoka alama sita kamili, ya mwisho ikirudi penye ya kwanza. Akitumia kila alama kama kitovu, na upana uleule, akachora pinde ndani ya duara, linatokea ua la petali sita. Kutoka hapo anaweza kuligawa, kulirudia, kulifuma na jirani yake mpaka ukurasa ujae. Hilo ni zoezi la usahihi, ulinganifu na mpangilio, na darasa zima lifanye, kwa sababu waliochora sufuria vizuri hushangaa kuona jinsi linavyodai utulivu.

Kanga nayo ifunguliwe darasani. Ina pindo, ina mji (sehemu ya katikati), ina jina (maneno yaliyoandikwa). Waulize kwa nini pindo ni zito kuliko mji, macho yanaanzia wapi, na herufi zimewekwaje zisishindane na mapambo. Kisha kila mmoja abuni yake kwa rangi tatu tu.

Nina wanafunzi 70 katika chumba kimoja.

Wagawe makundi ya kumi, kila kundi na kitu chake, na tumia uwanja. Mti mmoja unatosha kwa wanafunzi 30 wakikaa kuuzunguka. Usijaribu kumfikia kila mmoja kila kipindi. Pita safu mbili leo, mbili wiki ijayo. Ukimsahihisha, usichore juu ya karatasi yake. Chora pembeni, au keti alipokaa uone anachokiona, kisha muulize: "Hapa panapanda au panashuka?" Atajibu mwenyewe. Kipindi cha dakika 40 ni kifupi mno ukitoa muda wa kugawa vifaa, kwa hiyo mwombe mwalimu wa taaluma akuwekee viwili mfululizo.

Nitatoaje alama bila upendeleo?

Toa alama kwa lengo la zoezi. Kama lilikuwa duaradufu, angalia duaradufu, hata kama mchoro ni mchafu. Waambie vigezo kabla hawajaanza. Hifadhi mchoro wa kwanza wa kila mwanafunzi kwenye faili, na mwisho wa muhula achore kitu kilekile tena. Umbali kati ya michoro hiyo miwili uwe sehemu ya alama. Anayelenga kufanya somo hili katika mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa Kidato cha Nne aanze faili lake mapema.

Mzazi anauliza: atakula wapi kwa kuchora?

Ni swali la haki, mjibu kwa heshima. Seremala, fundi cherehani anayebuni mishono, mchapaji wa fulana, mwandika mabango, msanifu majengo na mbunifu wa matangazo wote wanaanzia kwenye uwezo wa kuona umbo na kuliweka karatasini. Wachora katuni nao wapo: Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alitoka Dar es Salaam akawa mchora katuni mashuhuri wa magazeti Nairobi. Mwambie mzazi pia kwamba kipindi hiki kinamsaidia mtoto kwenye michoro ya baiolojia na jografia, ambako alama hupotea ovyo. Usimwahidi utajiri.

Anayetaka kuendelea aende wapi?

Tanzania kuna TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliye Dar es Salaam atembelee Nafasi Art Space, Mikocheni, awaone wasanii wakifanya kazi. Makerere, Uganda, ina shule ya sanaa inayoitwa kwa jina la Margaret Trowell, aliyeianzisha miaka ya 1930. Ndiko walikosoma mchoraji Sam Ntiro na Elimo Njau. Popote atakapoomba, abebe michoro aliyochora kwa kuangalia vitu halisi, hata ile isiyokamilika, na aandike tarehe nyuma ya kila mmoja.